Chunjua Zangu na Ugonjwa wa Mama

Ilianza Jumamosi, saa kumi kasorobo jioni, mama aliponiita nimpake samli mgongoni nami nikamjibu kwamba nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kizingiti cha jiko, mikono nimeificha kwapani.

Tangu utoto mgongo wa mama ulikuwa wangu. Kwetu binti mdogo ndiye humpaka mama mafuta akitoka kuoga, na mimi ndiye kitinda mimba. Hata bwenini, nilipokumbuka nyumbani, sikukumbuka michembe ya viazi wala maziwa ya mgando. Nilikumbuka ule mgongo mpana, wenye joto, na jinsi mama alivyokuwa akiguna nikifika katikati ya mabega. Muhula mzima niliutamani. Sasa nimerudi likizo, uko hatua tano tu kutoka nilipo, umekonda, na siwezi kuugusa.

Sababu yake sikuwa nimemwambia mtu. Mama alikuwa ametoka hospitali Mwanza, na daktari alisema ni saratani ya mlango wa kizazi, tena imekwenda mbali. Na wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha habari za chunjua. Kwamba haziletwi na uchafu, ni kirusi. Kinaingia ngozi ilipochubuka, kinashuka mpaka kwenye seli za chini kabisa, zile zinazozaa nyingine, kisha kinazilazimisha zizaane ovyo. Halafu akaongeza, huku anafuta ubao, kwamba siku hizi wataalamu wanaona ndugu za kirusi hicho kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi nilitazama vidole vyangu.

Nilikuwa na chunjua nne. Ziliota msimu wa pamba uliopita, tulipokuwa tunachuma shamba la kijiji. Makaka makavu ya pamba yana ncha kali, na ikifika jioni vidole vyote vimechanika. Mwaka ule sabuni haikuonekana dukani, kwa hiyo mimi na mama tulioga kwa kipande kimoja na dodoki moja. Na dodoki hilohilo ndilo nililosugulia chunjua mpaka zikatoka damu, nikidhani zitaisha. Sikuhitaji mtu wa kunieleza zaidi. Nilimwua mama kwa dodoki.

Shangazi, dada yake baba aliyekuja kumwuguza mama, alichukua kibuyu cha samli yeye.

"Unaona, wifi? Tumesomesha kinyaa! Kidato cha tatu, mama yake mzazi hamgusi."

"Mwache, amechoka."

"Amechoshwa na nini? Kushika kalamu?"

Siku zote utani wa shangazi ulimchekesha mama. Safari hii alijivuta kanga mabegani, akageukia ukutani.

Hapo nikatoka. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya lambo, na nilimkuta muuguzi, mama mnene mwenye maneno mengi, anaanika glavu kwenye kamba.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia. Nikamwonyesha vidole huku nalia.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Hizo mara nyingi huondoka zenyewe. Ndizo zinakuliza?"

Nikamwambia yote, hata dodoki. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwalimu wako hakukosea, ila hakumaliza. Tulielezwa kwenye semina. Wadudu hao ni ukoo mkubwa. Wa kwako wanakaa mikononi na miguuni, wanaotesha chunjua, basi. Hao wanaotuhumiwa kwa saratani makao yao ni kule chini, na wanapita mwanamume na mwanamke wakilala pamoja."

Nilitazama chini.

"Usione haya, umeuliza mwenyewe. Wengi wanaoambukizwa hawapati saratani, mwili unawafukuza hao wadudu. Kwa wachache wanabaki kimya, miaka kumi, hata ishirini, seli zinaharibika polepole na mwenyewe hana habari. Sasa wewe na chunjua zako za juzi, ulimwambukiza lini mama yako? Kabla hujazaliwa?"

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Kisha nikauliza lile nililoliogopa zaidi: mama atapona?

Akaanza kuanua glavu zake, moja moja, ingawa zilikuwa bado mbichi.

"Kaa naye," alisema.

Niliporudi mama alikuwa amelala, au alijifanya amelala.

Asubuhi yake, shangazi alipokuwa nje anachota uji, nilisimama mlangoni mwa chumba nikamweleza mama kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe dodoki!" Alicheka taratibu, ameshika tumbo. "Mimi nilidhani nanuka, ng'wanone. Nilidhani unakimbia harufu."

Harufu ilikuwepo, sitadanganya. Nilipanda kitandani, nikamsogeza kidogo, nikalala nyuma yake. Nikaweka shavu katikati ya mabega, mikono yote miwili nikaipitisha mbele. Mifupa ilinichoma shavuni. Joto lilikuwa lilelile.

Shangazi aliniita nijiandae kwenda kanisani. Aliniita tena. Nikajisogeza zaidi mgongoni kwa mama.