Ngozi Chini ya Boneti

Trekta la Yotham wa Bahi ni kuukuu, la kuwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na likishawaka hutetemeka kama mtu mwenye homa. Mtetemo huo ulikuwa ukilisaga bati la boneti pale linapokalia fremu, mpaka rangi ikaisha na bati likaanza kutoboka. Alijaribu kuweka vipande vya tyubu, joto likaviyeyusha. Ndipo alipochukua kisu akakata ukingo wa ngozi ambayo mkewe, Dorkasi, huikalia akipepeta mpunga. Hakumuuliza. Ilikuwa ngozi ya Mabaka, maksai wao aliyewalimia hadi uzeeni.

Dorkasi alinuna mpaka Jumapili. Alipotoka kanisani akamkuta mumewe anazipaka mafuta zile kanda za ngozi, akamnyang'anya kopo.

"Baba Jordan, ngozi haipakwi hivyo," akasema, akazisugua mwenyewe mpaka zikalainika.

Wakazipanga chini ya boneti. Yotham akazungusha hendeli, trekta likanguruma, na bati likatulia kimya. Dorkasi akasikiliza, akatabasamu.

"Maskini Mabaka," akasema. "Amekufa, na bado umemfunga plau."