Mbwa Tuliyejifanya Hatumwoni

Nilikuwa mchora ramani wa bustani. Ukisema hivyo watu hufikiri ulikuwa ukishika jembe na mbolea, kumbe kazi yangu ilikuwa meza, wino na karatasi nyembamba inayopenyeza mwanga, ghorofa ya pili ya ofisi moja ya serikali huko Al Khuwair, Omani, ambako kiyoyozi kilikuwa hakizimwi hata Januari. Mwishoni mwa miaka ya tisini ardhi iliyobaki baina ya majumba mapya ya Bawshar ilikuwa changarawe na mikunazi, lakini kwenye ramani zetu ilikuwa imeshapakwa kijani. Ndivyo tulivyofanya kazi. Rangi kwanza, kisha ndipo mtu anakwenda kutazama kuna nini.

Kimoja cha vipande hivyo vya kijani kilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu. Sikukiomba wala sikukikataa. Mkubwa wa idara alinipa faili lake kama alivyonipa mengine, nami nikalichukua. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo nilikuwa nachukua chochote ninachopewa. Nilikula nikiambiwa kula. Watu walinisifu kwa subira, nikawaacha waamini hivyo, maana kueleza kwamba haikuwa subira bali ganzi kungetaka maneno mengi, na mimi maneno sikuwa nayo.

Nyumbani tulikuwa baba, kaka yangu na mkewe na watoto wao, na mimi niliyerudi baada ya ndoa kunishinda. Baba na mama walikuwa wakizungumza Kiswahili cha Unguja walikotoka, tangu kuamka mpaka kulala. Sisi watoto wao tulijibu nusu kwa nusu. Wajukuu walijibu Kiarabu moja kwa moja. Mama alipoondoka, baba akawa hana wa kumjibu sawasawa. Akapunguza maneno siku hadi siku, hata ikafika kwamba salamu na bismillahi ya chakula ndiyo mazungumzo yake yote.

Kisha akaanza kutupa taka.

Kila siku baada ya sala ya alasiri alikusanya mifupa na wali uliobaki, akafunga kwenye gazeti, akatangaza: "Nnakwenda kutupa taka." Jaa la mtaa wetu lilikuwa kushoto mwa lango, pipa kubwa la chuma ambalo hata kipofu angelijua kwa harufu. Baba alikwenda kulia, kwenye kile kiwanja. Alikaa huko nusu saa nzima. Akirudi alipita nyuma ya jiko, ambako siku moja kopo la mchanga safi lilitokea karibu na bomba, na pale akaosha mikono mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofunzwa sote afanye mtu aliyeguswa na mate ya mbwa.

Tulijua. Hakuna aliyesema. Wifi yangu, ambaye ulimi wake huwa haupumziki, alianza kutenga mifupa kwenye sahani ya peke yake, akaiweka kando ya gazeti, akatoka jikoni kabla baba hajaingia. Kaka akipita na gari akamwona baba amechutama chini ya mkunazi, aligeuza uso upande wa pili kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Kwetu sisi mzee hafumaniwi. Ukimkuta na jambo analolificha, wewe ndiye unayejificha. Funika kombe mwanaharamu apite, wanasema, na sisi tulifunika mpaka tukawa mafundi wa kufunika.

Nilimsikia mara moja tu. Nilikuwa juu ya paa nikianua nguo, sauti yake ikanijia kutoka ng'ambo ya ukuta. Alikuwa anamweleza mbwa habari za goti lake, na za daktari aliyempa vidonge vikubwa mno, na kwamba nguru wa siku hizi hana ladha. Kiswahili kirefu chenye mzaha ndani yake, kile kile alichokuwa akizungumza na mama. "Wewe unanisikiliza mie au unasikiliza tumbo lako?" alimuuliza. Halafu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Niliona wivu, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mwanamke mzima, mwenye diploma yake, nikamwonea wivu mbwa koko mwenye sikio lililokatika.

Siku hizo hizo ofisini kulikuja ombi. Mwanamke mmoja Mwingereza, mwalimu, aliyekuwa akikaa mtaa wa nyuma yetu, alileta karatasi yenye saini za jirani zake. Walitaka kwenye bustani mpya itengwe sehemu yenye uzio ambamo mbwa wao wataachiwa wakimbie bila kamba. Mkubwa wa idara aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wetu, mzaliwa wa Pemba, na tukiwa wawili alisema nami Kiswahili.

"Bustani ya mbwa," alisema. "Watoto wetu hawajapata bembea, mbwa washapata uwanja. Haya bibie, ichore. Tuone kamati itasema nini."

Nikaichora. Sikuwahi kuona kitu kama hicho maishani, ikabidi yule mwalimu aje mezani kwangu kunielekeza. Alikuwa mtu wa kazi, hana maneno ya ziada. Alitaka milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili mbwa asiponyoke mtu anapoingia, na beseni la maji liwe chini, na benchi penye kivuli. Na kila mbwa awe na ukanda shingoni na kadi ya chanjo yenye jina la mwenyewe. Nikatafuta mahali penye kivuli palipo karibu na bomba kuu, pakawa pale pale, chini ya mkunazi mkubwa. Nilipima mara mbili. Uzio wangu wa wino ulimzunguka mbwa wa baba mahali pake pa kulala, na mimi niliridhika na jinsi mistari ilivyonyooka.

Kabla mkandarasi hajakabidhiwa ardhi, ilikuwa lazima mchoraji aende kiwanjani na fomu. Makaburi: hakuna. Mfereji wa zamani: hakuna. Miti ya kubakishwa: mikunazi minne. Kisha mstari wa wanyama wasio na mwenyewe. Nilisimama juani na kalamu. Mbwa alikuwa amelala. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akakirudisha chini. Nikaandika: wapo. Nilijua mstari ule unakwenda kwa nani. Unakwenda kwa watu wanaokuja na bunduki asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya greda. Niliandika wapo kwa sababu ni kweli walikuwapo, na wakati ule kitu kikiwa kweli kilinitosha, sikukifikiria zaidi.

Aliyenizindua ni yule mwalimu. Siku moja nilimtajia, sijui hata kwa nini, kwamba pale kuna mbwa, na kwamba kuna mzee anayemlisha. Kesho yake alirudi na kadi tupu ya chanjo. Alimjua daktari wa mifugo ambaye angekuja mpaka nyumbani, amdunge mbwa sindano na kumvika ukanda, na mbwa mwenye ukanda hapigwi risasi. Kilichotakiwa ni jina la mwenye mbwa na saini yake. "Mzee atie saini tu," aliniambia, "basi, imekwisha."

Baba yangu alikuwa anasali safu ya mbele. Huyo ndiye aandike jina lake, na la baba yake, na la kabila lake, kuwa ni mwenye mbwa koko. Na kabla hajaandika, mimi niwe nimeshamwambia: baba, mbwa wako. Ningeweza kutia saini yangu mwenyewe, na hilo nililifikiria sana. Lakini mbwa angevishwa ukanda, baba angeuona, naye angejua kwamba tunajua. Siku kumi na moja nilitembea na kadi ile mkobani.

Barua ya kusafisha kiwanja ilipita mezani kwangu Jumatano, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa mwisho wa wiki yetu ya kazi. Watu wa bunduki wangekuja Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nilimkuta baba sebuleni peke yake na birika la kahawa. Nilikuwa nimetia mkoba begani ndani ya nyumba yetu wenyewe, hata wifi akaniuliza nakwenda wapi. Nikakaa, nikammiminia kahawa, nikajimiminia na mimi. Tukanywa. Mama angekuwepo angesema mficha uchi hazai, na angeshampa mbwa yule jina zamani. Mimi nilikuwa nahesabu tende kwenye sahani. Baba akasema mwenyewe, bila kunitazama:

"Nnasikia watajenga bustani hapo pembeni."

"Kweli, baba."

"Lini?"

Mlango ameufungua yeye, kwa mkono wake. Nilikuwa na kadi, nilikuwa na siku, nilikuwa na saa. Gari la kaka lilikuwa pale nje, na baba alikuwa na usiku mzima mbele yake wa kumhamisha mbwa.

"Karibuni," nikasema.

"Inshallah kheri," akasema.

Nikamaliza kahawa, nikatikisa kikombe kuonyesha kwamba nimetosheka, nikaondoka na mkoba wangu. Nilijiambia kwamba nimemstahi. Nililala vizuri, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi hadi leo.

Jumamosi kaka alimpeleka baba hospitali kwa ajili ya goti, miadi ya siku nyingi. Mimi nilikuwa ofisini. Saa tatu wakapiga simu kutoka kiwanjani: pameshasafishwa, greda linaingia. Nikatia alama kwenye faili. Nilingoja nihisi kitu. Mhudumu alileta chai ya maziwa, nikainywa, ilikuwa na sukari nyingi kama kawaida.

Alasiri baba alifunga gazeti lake. "Nnakwenda kutupa taka," akasema. Wifi alinitazama, nami nikamtazama. Yeye alikuwa nyumbani asubuhi, milio aliisikia. Tukabaki jikoni sisi wawili, watu wazima na akili zetu, tukamwacha mzee achechemee mpaka kwenye kiwanja kilicholimwa na greda. Hatukumzuia. Kumzuia kungekuwa kumfumania.

Alirudi upesi. Gazeti lilikuwa bado limefungwa. Alilipita lango, akaenda kushoto, akalitupa jaani, kwa mara ya kwanza. Aliosha mikono kama mtu yeyote anavyoosha mikono, akaingia ndani. Wakati wa chakula alimsifu wifi kwa mchuzi, na alimsifu kwa Kiarabu.

Kamati ilikataa uwanja wa mbwa. Wakazi wa Kiomani walisema ni najisi karibu na watoto, wageni wenyewe wakagombana kuhusu nani atashika ufunguo. Mkubwa wa idara akaniambia nifute. Wino wetu ulikuwa ukifutwa kwa wembe, unakwaruza polepole usitoboe karatasi. Nikakwaruza milango miwili, beseni na benchi, na mahali pake nikachora maegesho ya magari. Mwalimu akahama mwaka huo huo. Bustani ikafunguliwa, watu wakafurahi, na kweli ilikuwa nzuri. Baba hakuingia.

Miaka ikapita, ofisini tukapewa kompyuta, wembe ukawa hauna kazi. Baba alishika fimbo. Alizungumza, lakini kama mtu anayejibu maswali ya karani. Nilizoea. Niliamini kwamba ni uzee, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni uzee.

Alasiri moja, bila kuulizwa, alisema anataka kuona hiyo bustani. Nikamshika mkono tukaenda taratibu, tukakaa kwenye benchi linalotazama magari. Ng'ambo ya uzio mgeni mmoja alipita na mbwa wake kwa kamba. Baba akamfuata kwa macho mpaka akapinda kona.

"Wangu alikuwa mkubwa kuliko huyu," alisema.

Kwa Kiswahili. Alisema wangu.

"Ile Ijumaa," akasema, "ulikuwa unajua siku wanayokuja?"

"Nilikuwa najua, baba."

"Na mie nlikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mbona hukunambia?"

Nikamweleza. Habari ya fomu niliyoijaza, ya kadi ya chanjo, ya jina lake na la kabila na safu ya mbele msikitini. Nilimwambia tulikuwa tunajua tangu mwanzo, sote, mpaka wifi na mifupa yake. Nilimwambia niliona haya kwa niaba yake, nilitaka kumsitiri. Nilieleza yote kwa sauti moja, kama ninayesoma ripoti, kwa sababu sauti nyingine sikuwa nayo. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ningeona haya siku moja, mwanangu," alisema. "Haya, siku mbili. Halafu ningetia saini."