Shahidi wa Kura ya Khatun

Mwaka 1964 nilipata kazi katika hospitali moja ya wageni pale Matrah, jirani na Maskati, Oman. Mimi na bimkubwa, mama yangu, tulikuwa tumefika kutoka Unguja miezi michache nyuma, baada ya mapinduzi, na nguo tulizovaa tu. Kule nilikuwa mwalimu. Maskati hapakuwa na skuli ya wasichana, kwa hiyo cheti changu sikuwa na wa kumwonyesha, na Kiarabu changu kilichekwa sokoni. Hospitali walinichukua kwa kuwa nilijua Kiingereza. Walikuwako wagonjwa waliojua Kiswahili tu, nami nikawafasiria.

Muuguzi mkuu wa upande wa wanawake alikuwa Mmarekani wa miaka hamsini hivi, hajaolewa. Watu walimwita Khatun, kama walivyowaita wanawake wote wa kizungu pale. Kwao kulikuwa katikati ya Amerika, nchi tambarare ya mahindi na nguruwe. Kila alipotaja nguruwe alishusha sauti kwa ajili yangu. Baba yake alikuwa mkulima, na kila baada ya miaka miwili aligombea kiti cha jimbo lao katika Bunge la Amerika. Hakuwahi kushinda.

"Jimbo letu limechagua chama kimoja tangu babu yangu hajazaliwa," aliniambia. "Baba ni wa chama kingine."

"Sasa anagombea kwa nini?"

"Asipogombea yeye, karatasi itakuwa na jina moja tu."

Tulipokuwa tukikunja bendeji alinisimulia historia ya jimbo lile mpaka nikaijua kama sura ya kitabu. Palikuwa na mjumbe mmoja aliyekalia kiti miaka na miaka hadi akafia humo, kikachukuliwa na mpwa wake. Mara moja tu, katika miaka ya dhiki ambapo mahindi yalikosa bei na watu wakayachoma majikoni badala ya makaa, chama cha baba yake kilishinda. Baba yake, bado ana nguvu zake wakati ule, alimbeba mshindi mabegani kuzunguka mji. Baada ya miaka miwili kiti kikarudi kwa wenyewe, na hakijatoka tena.

Karatasi ya Khatun ya kupigia kura ilikuja kwa posta. Mwaka ule ilifika wiki nzima baada ya uchaguzi. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba chama cha baba yake kimeshinda karibu nchi nzima. Siku chache baadaye ikaja simu ya maandishi: mzee mwenyewe ameshindwa, kwa kura chache ambazo waliozipiga wangeenea wote katika kanisa lao dogo. Juu ya hivyo Khatun alikaa mezani, akaijaza, akanisogezea kalamu. Sharti awepo mtu mzima wa kushuhudia kwamba amejaza mwenyewe, hakulazimishwa.

"Lakini imeshapita," nikamwambia.

"Najua. Nisainie tu."

Nikasaini. Mkono ulikuwa mzito, naye aliona, lakini hakuniuliza.

Aliniuliza mwaka 1966, karatasi ya pili ilipokuja, nayo imechelewa vile vile.

"Na kwenu mlikuwa mkipiga kura?"

"Tulikuwa tukipiga."

"Chama chenu kilishinda?"

"Kilishinda."

Uso ukamchangamka. "Basi unajua! Unajua raha yake!"

Ndipo nilipomwambia. Kaka yangu alikuwa wakala wa chama chetu katika kituo cha kura cha mtaani kwetu. Jimbo letu tulilikosa uchaguzi wa mwanzo, na wa mwisho tukalipata kwa kura chache sana. Kaka aliisoma kila karatasi kwa sauti, na wakala wa chama cha wenzetu, jirani yetu, amekaa naye meza moja akiandika. Katika nchi nzima wenzetu walipata kura nyingi kuliko sisi, na sisi tukapata viti vingi kuliko wao. Kaka alisema ndiyo sheria. Jirani alisema ni wizi. Mwezi wa mapinduzi walipokuja kumchukua kaka yangu, jirani huyo ndiye aliyewaonyesha mlango. Siku ya tatu tukaambiwa tusihangaike kumtafuta.

 Khatun akaifunga bahasha, akaenda wodini. Yeye hakulitaja tena jambo lile, na mimi pia sikulitaja.

Nyumbani nilimsimulia bimkubwa khabari za mzee wa Amerika, kwamba safari hii ameshindwa vibaya zaidi. Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua macho.

"Mwambie babake ashukuru kuwa anashindwa," alisema. "Mie wangu alishinda."

Mwaka 1968 mzee alituma ramani. Mipaka ya majimbo ilikuwa imechorwa upya. Kijiji chao kilikatwa kutoka kwa majirani zake na kuunganishwa na vitongoji vya mji mkubwa ulio mbali, ambako hakuna aliyemjua. Khatun aliupitisha ukucha juu ya ule mstari, akasema, "Umepita katikati ya shamba la ami yangu." Uchaguzi ule mzee alishindwa hata katika kituo anachopigia kura mwenyewe.

Kisha ukaja mwaka 1970. Mwezi wa Julai mtawala mpya alishika nchi, watu wakatoka barabarani wakicheza, na watu wetu wa Unguja waliotawanyika Kairo na Dubai wakaanza kuja Maskati na vyeti vyao. Bimkubwa alikuwa amekwisha kufa, tangu mwanzo wa mwaka. Niliitazama ile furaha kama mtu anayetazama arusi ya watu asiowajua.

Mzee wa Amerika alikuwa amepata kiharusi, hakuweza kugombea, na hakupatikana mwingine. Karatasi ya kura mara hii ilifika mapema, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Ilikuwa na jina moja. Khatun aliigeuza huku na huku.

"Sheria inaruhusu kuandika jina," alisema. Akaliandika la baba yake kwa herufi kubwa. Nikasaini, tukaipeleka posta pamoja, na njia nzima alikuwa akizungumza.

Mzee alifariki siku mbili baada ya uchaguzi. Barua ya ofisi ya uchaguzi ikaja baadaye, jibu la kwanza walilowahi kumpa. Khatun aliisoma, akanipa. Ilisema kura yake haikuhesabiwa, kwa kuwa shahidi si raia wa Amerika. Anakumbushwa kwamba sharti hilo ni la siku zote.

"Kumbe ni mimi," nikasema.

"Si wewe. Mimi sikusoma nyuma ya fomu."

"Mara zote nne?"

"Tatu zilichelewa. Zisingehesabiwa hata hivyo."

Alisema hivyo kunifariji. Kisha akakaa kwenye kitanda kitupu cha mgonjwa akalia, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Mwezi uliofuata alirudi kwao kuuza shamba. Aliniandikia mara moja tu, kuniambia kwamba mjumbe wao amechaguliwa tena na kwamba theluji ni nyingi.

Mimi nilipata kazi katika skuli mpya ya wasichana. Juma la kwanza mwalimu mkuu alitwambia tuwaache watoto wachague kiranja kwa kunyoosha mikono. Waliipenda khabari hiyo, wakaanza kutajana majina na kusukumana, na wawili tayari walikuwa wamenuniana.

"Mwalimu, nani anahesabu?" akauliza mmoja.

Nikawaambia wakae chini. Nikamnyooshea kidole msichana wa mwanzo katika safu ya mbele, ambaye jina lake nilikuwa bado sijalijua, nikasema kiranja ni yeye. Kisha nikawaambia wafungue vitabu.