Kaka Yangu na Vitabu vya Falaki

Mume wangu alianza na sanduku moja la vitabu vya falaki alivyonunua Mombasa. Alipanga chumba sokoni Garissa, na baada ya miaka michache rafu zikajaa vitabu vya nyota, tafsiri za ndoto na siri za majina na herufi. Wafugaji walikuja hata kutoka Liboi, mpakani, kuulizia siku njema ya kuhama au ya kufunga ndoa. Yeye hakuwa mganga, aliuza vitabu tu. Mjuzi wa kuvisoma alikuwa kaka yangu, mwalimu wa madrasa. Kila alasiri alikaa pale dukani akiwasomea wateja, na vitabu vilivyochakaa alivinakili kwa mkono wake kwenye madaftari. Mimi nilishona majalada.

Vita vya mashifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilipoanza, watu walianza kuogopana. Asubuhi moja askari waliingia kupekua. Ofisa wao alifungua daftari moja, akakuta miraba iliyojaa tarakimu na herufi za Kiarabu. Akasema hizo ni barua za siri za mashifta. Mume wangu akamweleza kuwa ni hesabu za nyota, na kwamba aliyeziandika yuko madrasa, nyumba ya tatu tu kutoka hapo; aitwe aeleze mwenyewe.

Kaka yangu akaletwa. Nilipomwona nilishusha pumzi. Ofisa akampa daftari, akamwuliza kama anaujua mwandiko ule. Alifunua kurasa mbili tatu bila kututazama.

"Siujui," akasema. "Mimi nafundisha Kurani. Mambo haya siyajui."

Nilinyamaza. Ningesema nini? Nimtoe ndugu yangu ili nimwokoe mume wangu? Vitabu vilichomwa uwanjani, na mume wangu akakaa kizuizini miezi minane. Aliporudi amekonda, hakutaka tena habari za vitabu. Tukauza sukari na majani ya chai.

Vita vilipokwisha ndipo kaka yangu alipokuja kwetu. Nilimwandalia chai.

"Abaayo," aliniita, kama sisi Wasomali tunavyowaita dada zetu, "ningesema kweli, wangetuchukua sote wawili."

"Najua," nikamwambia. "Ningewaletea chakula nyote wawili."

Alimaliza chai yake, akaaga. Tukikutana msibani tunasalimiana, na wanawe huja kwangu siku ya Idi. Yeye sijamkaribisha tena.