Salamu Zangu kwa Nahodha wa Kijapani

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile masikio hunipata moto, na ningenyamaza kabisa lau watu wa Changamwe nao wangenyamaza, lakini kwa kuwa kila mmoja huisimulia apendavyo, afadhali niisimulie mwenyewe, maana wallahi aliyeaibika ni mimi.

Ilikuwa miezi michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nabeba magunia gatini Kipevu, umri miaka ishirini na sita, darasa la nne kichwani, pamoja na Kijapani kidogo alichonifunza baharia mmoja, Hiroshi, meli yao ilipokaa wiki tatu ikishusha saruji. Hiroshi akaenda zake, nikabaki na daftari lililojaa nusu na moyo mzito (nilikwisha kujiona mkalimani, viatu vinang'aa). Sasa nitaendeleaje? Dada yangu Mwanaidi akasema, "Si ununue kitabu, kaka?" Nikazunguka maduka yote ya mjini, kitabu hakuna. Basi ilipofunga gati meli nyingine ya Kijapani, ya kukaa siku nne tu, nikaamua kumwomba nahodha ruhusa ya kupanda kila jioni nisomeshwe na watu wake.

Karani wetu Salim, mwenye Kiingereza chake, akaniambia, "Bakari, ngoja nikusemee, ni maneno mawili tu."

"Usijisumbue, ndugu yangu," nikamjibu. "Kijapani ninacho."

Laiti ningemeza ulimi! Nikapanda, nimevaa suruali nyeupe ya shemeji. Hiroshi alinieleza kwamba kwao salamu ni moja, unainama, imekwisha, nami nikadhani ni uvivu wa kufundisha, maana mtu mzima utamsalimuje mara moja tu, usimuulize nyumbani, watoto, kazi, wala joto? Nikamshikilia anitafsirie zote, nikazikariri.

Nahodha alikuwa sitahani. Nikainama, hujambo. Akainama. Nikainama tena, habari za nyumbani. Akashangaa kidogo, akainama. Watoto je? Akainama. Na mimi ni mdogo wake, siwezi kuwa wa kwanza kuacha, basi kila akiinama nazidi kwenda chini na kurudi nyuma hatua moja kwa adabu. Kule gatini kazi ikasimama. Mzee Kombo, msimamizi wetu, akapaza sauti:

"Bakari! Rakaa ya ngapi hiyo?"

"Mwache, mzee, bado hajauliza mbuzi!" akadakia mwingine. (Na kweli, mbuzi ndio waliokuwa wanafuata.)

Hatua ya saba haikukuta sitaha. Nyuma yangu mpishi alikuwa ameweka beseni kubwa la ngisi wabichi na wino wao, nami nikaketi humo pwaa, nikanasa, miguu juu. Mpishi akatoka mbio na kisu mkononi, anafoka, na Kijapani chote kikanitoka, hata lile ombi sijalitamka. Nikasema kwa Kiswahili, karibu kulia:

"Baba, nisamehe, nilitaka kusoma tu!"

Salim akapanda, machozi ya kicheko yanamtiririka, akanisemea yale maneno mawili. Nahodha akanitazama, akawatazama ngisi, mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka hadi akavua kofia. Hukumu ikatoka: kila jioni nije jikoni nioshe ngisi, na mpishi anisomeshe huku naosha.

Nikashuka ngazi suruali nyeupe mbele, nyeusi nyuma, gati zima linanipigia makofi. "Mkalimani huyo! Hebu geuka tena!"

Nawaambieni, jioni zile nne nilisoma kuliko wiki zote tatu za Hiroshi, kwani mpishi hakuwa na mchezo, neno likikushinda unaongezewa ngisi. Shemeji mpaka sasa hanisemeshi vizuri. Lakini nimekula yamini: Mjapani nitamwinamia mara moja tu, haja yangu nitaitanguliza, na mgongoni kwangu pawe na ukuta.