Kisanduku cha Jina la Ukoo

Nilijifunza kuandika programu kwa hasira na kwa woga. Ofisi yetu pale Gisenyi, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo, ilikuwa na kompyuta moja, haikuunganishwa na mtandao wowote, na umeme ulikatika kila ulipojisikia. Nilikuwa na kitabu cha kufundisha programu, cha Kifaransa, kilichotolewa fotokopi, kurasa nyingine hazisomeki, na wiki mbili tu. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua.

Ofisi ilipokea watoto waliopoteana na wazazi njiani wakati watu waliokimbia vita walipokuwa wakirudi kutoka Kongo. Majina yao yalikuwa kwenye madaftari, yameandikwa na watu waliokuwa na haraka. Mkuu wangu alitaka ukurasa kama wa mtandao: unajaza fomu kwenye skrini, unabonyeza kitufe, chini yake linatokea jedwali la kila familia, tunalichapa na kulibandika ukutani.

"Bon, dada," aliniambia, "Jumamosi ya wiki ijayo voiture inakuja. Mutoto mwenye iko na ndugu yake hapa, anabaki, tunangojea familia. Mwenye iko peke yake, anaenda kwa kituo ya mbali. Donc tableau ndiyo itatuambia."

Mimi, mpiga taipu, jedwali langu ndilo lingeamua nani apande gari.

Wiki ya kwanza karibu yote niliimaliza kwa kosa moja. Fomu ilikuwa na kisanduku cha kuandika idadi ya watoto, na maelekezo yangu yalikuwa mepesi: chukua idadi hiyo, ongeza mstari mmoja wa vichwa, chora jedwali. Nikaandika tano. Ikanichorea mistari hamsini na moja. Nikaandika mbili, ikaja ishirini na moja. Nilidhani kompyuta imerogwa. Niliilaani kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho, kisha nikalia mbele yake kama mjinga. Siku ya nne ndipo nikaelewa: chochote mtu anachoandika kwenye fomu, mashine hukipokea kama maandishi, hata kama ni tarakimu. Ilikuwa inachukua tano na moja na kuzibandika ubavu kwa ubavu. Lazima kwanza uiambie kwamba hii ni namba. Kitabu kilikuwa kimesema hivyo, kwenye ukurasa uliofifia.

Nikarekebisha. Mistari ikaja sita. Nilicheka peke yangu, nikasahau kula.

Baada ya hapo nilinakili fomu ya kitabuni kama ilivyokuwa: jina la kwanza, jina la ukoo, umri, mahali alipopatikana, mahali alipo sasa. Kitabu kilionyesha jinsi ya kuwakusanya wenye jina moja la ukoo katika jedwali moja. Kisanduku hicho hakikukubali kuachwa tupu. Basi kwa kila mtoto nikaweka humo jina lake la Kinyarwanda, na lile la ubatizo nikaliweka kwenye kisanduku cha kwanza. Siku tatu niliandika majina. Majedwali yalitoka kwenye printa safi, yamenyooka, na karibu kila moja lilikuwa na mtoto mmoja. Niliona huruma. Nikasema moyoni, kumbe vita vimewaacha hawa peke yao kabisa. Sikujiuliza zaidi. Jumamosi gari lilikuja, likajaa, na wadogo wachache waliokosa nafasi wakabaki kungoja safari nyingine.

Jumatatu akaja mukecuru mmoja, bibi kizee wa Busasamana, ametembea tangu alfajiri. Uani alimwona mjukuu wake mdogo, msichana wa miaka kama minne, akamfunga mgongoni papo hapo bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha akanijia dirishani.

"Na mukubwa wake iko wapi? Walikuwaka wawili. Mi niliwafunga na kitenge, mukono kwa mukono, ili wasipoteane."

Nilimwambia jedwali linasema mtoto huyo yuko peke yake. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Kisha nikafungua daftari la zamani. Majina mawili, moja chini ya jingine, na mtu fulani alikuwa ameyaunganisha kwa mstari wa penseli pembeni.

Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja hawana jina la pamoja. Mama yangu alituzaa watano, na majina yetu ni matano tofauti. Hilo nalijua tangu nipate akili, na bado nilikaa siku tatu nikijaza kisanduku kile, nikiwatenganisha ndugu mmoja mmoja, kwa sababu nilikuwa bado nafurahia mistari yangu sita. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Tangu siku ile sivumilii kuusikia msemo huo.

Nilifuta kisanduku cha jina la ukoo, nikaweka kingine: Alikuja na nani? Ilinichukua asubuhi moja tu. Niliwajaza wajukuu wale, nikabonyeza, jedwali likaja na mistari miwili. Mukecuru hakujua kusoma, nikamwonyesha: huyu mdogo, huyu mkubwa. Akaweka kidole juu ya skrini.

Watoto wengine tuliwarudisha katika wiki zilizofuata. Kuhusu yule mkubwa, kituo kilijibu kwamba alipokelewa, kisha akachukuliwa na familia fulani, na hakuna aliyeandika ni wapi. Safu ya mwisho ya mstari wake, mahali alipo sasa, ikabaki tupu. Kila Ijumaa mukecuru alikuja, mdogo mgongoni, nami nikambonyezea kitufe.

Ijumaa moja alinishika mkono.

"Acha, mutoto yangu. Iyo mashini inajua kumuandika. Haijue kumuita."

Akatoka, akashika barabara ya mpakani, akaanza kuita jina la mjukuu wake kwa kila gari lililopita. Nilimsikia kutoka dirishani mpaka alipokaribia sokoni, jina lile moja, na mdogo mgongoni akilirudia.