Sijda ya Kusahau

Mama alianza kupotea kwenye sala ya alasiri. Si njiani wala jikoni. Aliswali rakaa sita badala ya nne, akatoa salamu, akatugeukia na kutuuliza, "Nimeswali ngapi?" Tulicheka. Wallahi tulicheka, na kicheko kile mpaka leo kinanichoma. Haikupita miaka mitatu alikuwa halijui jina langu wala hajui kikombe kinashikwaje. Sasa dada yangu anamtunza kijijini Kanga. Mimi naishi Miburani na mume wangu, nasuka mikeka, na umri wangu ni ule ule aliokuwa nao mama siku ya zile rakaa sita. Hilo nalikumbuka kila asubuhi kabla sijagusa chai.

Siku tuliyompeleka mama hospitali nilimbana daktari, binti mdogo mwenye subira. Nifanye nini mimi yasinipate? Hakuniahidi kitu. Alisema tu kwamba mtu akijifunza lugha ya pili, ubongo wenyewe hubadilika. Kuna sehemu huongezeka unene kidogo, na njia zinazounganisha sehemu moja na nyingine huimarika. Si kinga, alisema, ila ubongo wa namna hiyo huenda ukastahimili zaidi maradhi yakija. Mimi nikashika neno moja tu, unene. Nikamjibu kwa kujidai, "Ah, lugha ya pili ninayo tangu utoto. Kiarabu nakisoma bila kusita."

"Na unaelewa unachokisoma?"

Nimehitimu chuo cha Kurani, nimekaa hitima ngapi za marehemu wa watu nikisoma kwa sauti ya kusifiwa, na sikujua maana ya hata mstari mmoja. Miaka yote nilidhani kusoma ndiko kujua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi nikaenda kwa jirani yetu, bibi wa ukoo wa Kiomani aliyeishi Maskati miaka mingi kabla ya kurudi hapa kisiwani kwetu. Nilikwenda na ukili wangu wa mkeka mkononi, nisuke huku najifunza.

"Shikamoo bibi. Nataka unifundishe Kiarabu cha kuongea."

"Marahaba. Kwa umri huo? Unataka kuolewa Uarabuni?"

Alicheka mpaka akakohoa, lakini alinifundisha. Kila siku baada ya adhuhuri anagusa jicho lake, analitaja, anagusa ulimi, anautaja, nikikosea ananisonya. Nami nikirudi nyumbani najipapasa kichwa, eti nione kama kuna kilichoongezeka. Ujinga, najua. Hofu ilikuwa imenishika.

Mwezi wa pili wa masomo, kwenye alasiri, ikatokea. Katikati ya sura nilikutana na neno la jicho. Miaka arobaini nimelipita neno lile, na siku hiyo likanisimamia, na kidole cha bibi juu yake. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi ndani ya sala. Nilipozinduka sikujua niko rakaa ya kwanza au ya pili. Nikahesabu ni ya kwanza, kama tulivyofundishwa mtu akiwa na shaka, na mwishoni nikasujudu sijda ya kusahau, ya kufidia shaka ile. Paji la uso liko mkekani, moyoni nasema: ndiyo haya, yamenifika.

Yakajirudia. Mara tatu wiki ile, mara tano iliyofuata. Mume wangu akaona.

"Mbona sijda zako zimezidi siku hizi?"

"Kwani wewe unajiswalia au unaniswalia mimi?" nikamfokea, maskini, na hakuwa amekosa kitu.

Nikaanza kujitega. Jana tulikula mboga gani? Mkeka wa mwisho nilimsukia nani? Nikikumbuka naona ni bahati tu, nikisahau naingia bafuni nalia huku nimefungulia bomba. Na sikujua lipi baya zaidi, niache masomo nikose hicho kidogo nilichotarajia, au niendelee huku kila neno jipya linanitoa kwenye sala. Nilimweleza bibi. Akasema, "Hupotei wewe. Zamani ulikuwa unapita tu, sasa unasikiliza." Maneno matamu, lakini mama naye tulimwambia ni uchovu. Sikumwamini.

Ijumaa moja asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Kanga. Nilikwenda kumtazama mama nijue kilicho mbele yangu. Dada alinipokea uani, akaniambia kwamba leo alikuwa akijichana nywele kwa kijiko. Mama mwenyewe alikuwa barazani, amejifunga kanga safi, ametulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mgeni. Umetoka mbali?"

"Miburani," nikasema.

Nikakaa mkekani mbele yake, nikaanza kuisoma sura ile ile kwa sauti. Nilitaka kujipima mbele ya mtu asiyeweza kwenda kunisema. Nikafika kwenye neno la jicho, nikalielewa, nikakwama. Aya inayofuata imekwenda. Niliitafuta, hamna. Nikarudi nyuma, nikaja tena, hamna. Machozi yakanitoka, nikajua nimekwisha.

Mama akadaka pale pale nilipoachia. Akasoma mpaka mwisho, kila herufi mahali pake, kidole kikigonga goti kama alivyotugongea tulipokuwa watoto, maana yeye ndiye aliyetusomesha sote, pale pale barazani. Alipomaliza akanikazia macho kwa hasira.

"Nani amekusomesha wewe?"

"Mama yangu."

"Rudi kwake. Hujamaliza."

Nikajivuta mpaka goti langu likagusa lake, nikaanza tena mwanzo.